Kichwa cha Msafara

Kabla binti yake Amira hajazaliwa, Faruk, dereva wa lori wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa haogopi kitu. Mwaka ule wa vita, 1997, malori ya kwenda Kayanza yalipanda mlima kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi. Waasi walipenda kulipiga lori la kwanza, barabara izibike. Lori la kwanza lilikuwa la Faruk. Kila kona alipiga honi, waasi wasije wakasema amewanyatia.

Amira alipozaliwa, akaomba nafasi ya tatu. Mtoto alipoota meno, baba alikuwa wa tisa. Wenzake hawakumcheka. Wote walikuwa na watoto, na hapo ndipo Faruk alipoelewa kwa nini miaka yote walimsifu sana kwa kukaa mbele.

Kichwa cha msafara akapewa Aboubacar, dereva mpya, kijana aliyeoa juzi tu, mwenye miwani ya jua. Wakamsifu naye. Faruk alimsifu kuliko wote.

Asubuhi moja mkewe, Mwanasiti, alikuwa akimlisha mtoto uji. Akasema, "Hayat, muke ya Aboubacar, iko na mimba. Bwana yake hajajua. Atamwambia leo akirudi."

"Akirudi," alisema Faruk.

"Njo vile nimesema. Kunywa chai."

Hakuinywa. Njia nzima alimkasirikia mkewe. Angenyamaza hadi jioni angepungukiwa nini?

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, Aboubacar alikuwa mbele kama kawaida, akifuta kioo na kuimba. Faruk alimwendea. Siri ya Hayat haikuwa yake kuitoa. Tena akiitoa, kijana naye angetaka nafasi ya katikati, na kichwa kingebaki bila mtu. Alitamani kurudi nyumbani akalale.

"We, toka hapa," alisema. "Enda kwa nafasi yangu, ya tisa."

"Juu ya nini, mzee?"

"Tairi yako ya mbele siipendi."

"Ni mupya!"

"Njo maana. Toka."

Aboubacar alitoka akinung'unika kwamba wazee wana wivu. Faruk akasogeza lori mbele. Akaijaribu honi mara mbili, kisha akaijaribu tena.

Askari wa kizuizini akachungulia dirishani, akacheka. "Faruk! Si walisema unaogopa siku hizi?"

"Naogopa sana, chef," alisema Faruk. "Fungua barrière."