Kasa wa Dirisha Namba Mbili

Jumatatu saa nane mchana, karani wa dirisha namba mbili alikuwa anaitemea mate pedi ya wino. Wino ulikwisha mwezi uliopita, na kibali cha kununua mwingine nacho kilihitaji kupigwa muhuri. Mezani vyeti vya "Ufuo Umepona" vilikuwa vimerundikana hadi kidevuni.

Ndipo kasa akaingia. Alipangusa miguu mlangoni, akapanga foleni nyuma ya mama aliyefuatilia leseni. Zamu yake ilipofika, karani aliinama, kwa sababu kasa si mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuandikisha mayai yangu. Tangu ile meli imwage mafuta, nataga mia kila msimu, halianguliwi hata moja. Nikifukua mchanga kidogo tu, nakuta lami. Andikeni ufuo haujapona."

Karani alifungua jalada. "Malalamiko yalipokelewa ndani ya siku tisini. Miaka kumi na tisa sasa, bibi! Ulikuwa wapi?"

"Njiani."

Foleni nzima iliridhika na jibu hilo. Ofisi ina ngazi kumi na nne, tena ndefu.

Bosi akatoka. Alikuwa mtu wa huruma sana, hasa kukiwa na wapiga picha, na siku hiyo hata bila wao alijitahidi. Alimsomea kasa ripoti ya wataalamu, ambao walishinda ufukweni siku nzima, pamoja na chakula cha mchana, wakauona mchanga mweupe.

"Walichimba?" kasa akauliza.

"Hawakupewa majembe, mama."

Hata hivyo, bosi alisema, kuna rufaa, na rufaa husikilizwa haraka mwenye rufaa akiwa karibu. Kwa sasa asaini tu kwamba amehudumiwa vizuri. Kasa hakujua kuandika, akaweka mguu wa mbele kwenye fomu. Likabaki doa jeusi, nene, linalong'aa. Karani alilisugua kwa kidole, halikutoka. Akaliangalia doa, akaiangalia pedi.

"Bosi," akasema, "si wino huu?"

Siku hizi kasa hufika kazini saa mbili kamili, kitambulisho shingoni. Karani hugusisha muhuri mguuni pake, kisha kwenye cheti. Vyeti vinatoka kwa wakati, maandishi yanasomeka hata ukiwa umesimama mlangoni, na wageni husifu ubora wa wino. Rufaa bado iko juu ya kabati, mahali pazuri, haipati vumbi.

Msimu wa kutaga ukifika, kasa hupewa likizo. Hushuka ufukweni, hufukua, hutaga mia yake, hungoja. Kisha hurudi, miguu ikiwa imejaa lami upya.

"Wameanguliwa wangapi, bibi?" karani humuuliza kila mwaka.

"Hakuna, mwanangu."

"Pole sana," karani husema, akivuta rundo la vyeti. "Haya, nipe mguu."