Sahani ya Fundi Pancha

...na nikiacha kukanyaga mashine hii sasa hivi rangi yote itakimbilia upande wa mlango, maana sakafu ya chumba hiki imelala upande, sijui aliyeijenga alikuwa na jicho moja au alikuwa na haraka ya kwenda kwao, kwa hiyo siwezi kusimama, siwezi kwenda sebuleni kuwafunga midomo, nitakaa hapa hapa kwenye kistuli changu nikanyage, kanyaga bibi, polepole, sahani izunguke kama mtu anayewaza, na wao huko waendelee kunipangia bei kama kabati la zamani, mambo haya niliyaona wapi mimi, mzee mzima na mvi zake anavaa koti, anapiga hodi, anakaa kwenye kochi la binti yangu na kumwambia nimekuja kumposa mama yako, kumposa, kwa mtoto wangu wa kuzaa, yaani niliyemfuta kamasi ndiye leo anaombwa anitoe, na yeye badala ya kucheka anasema, nimemsikia kwa masikio yangu, ukuta wenyewe ni mbao tu, anasema, “Karibu chai kwanza, mzee, tuzungumze,” tuzungumze nini, jibu ninalo mimi na ni hapana, nimeshazika mume mmoja, sina mgongo wa kumzika wa pili... bluu, kichupa cha bluu kiko wapi, hiki hapa, bana taratibu, tone moja katikati, haya, linajifungua, linakuwa duara, na duara la kwanza linasogea kumpisha mwenzake, angalia lilivyo na adabu, lingekuwa limezaliwa na mimi lisingesogea. Hii sahani ni yake, Fundi Pancha mwenyewe, kaileta asubuhi nyeupe pe, akaiweka mezani, akasema, “Bibi, rangi yoyote utakayoona inanifaa,” wala hakuniambia kwamba jioni atarudi na koti, mjanja huyo, sasa nimemchagulia bluu iliyokolea na kijivu, miduara minene iliyotulia, sahani ya kumwambia mtu hapana bila kumtukana, aichukue, aende nayo, tubaki majirani... si sahani ya kulia, ukiiwekea mchuzi umeula wa chuya, ni ya plastiki, ya kurusha, watu wazima na akili zao wanazunguka uwanjani wanarusha sahani mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo, wanauita gofu ya sahani, na aliyeniletea ugonjwa huu ni mkwe wangu, huyo huyo anayekohoa sebuleni sasa hivi, aliniletea moja akasema Mama, wewe zamani ulikuwa unatia rangi vitambaa, hebu nitilie na hii, wenzangu wasiichanganye na zao, nikamwambia mkwe wangu, nakuheshimu, lakini hiki ni kifuniko cha ndoo, akacheka mpaka akakaa chini, nikaitia rangi niliyoichanganya na gundi ili anyamaze, kesho yake nikaiosha kwenye karai, gundi ikatoka na maji, na chini yake rangi ikawa imezama ndani ya plastiki, huikwangui, huisugui, imekaa, nikabaki nacheka peke yangu mbele ya karai kama mwendawazimu, basi toka siku hiyo uwanja mzima unanijia na vifuniko vyao... “Unajua, mzee, Mama umri umekwenda,” anasema binti yangu, eti umri umekwenda, umekwenda wapi, mbona mimi nipo nao hapa, “anahitaji mtu wa kumtunza, akae, apumzike,” aa, hapo sasa, kanyaga, usikasirike, ukikasirika mguu unakwenda mbio na rangi inachomoka ovyo, kunitunza, mwanangu ungejua, mimi nimetunzwa mpaka nikakaribia kuoza, baba yako alikuwa mtu mwema, hakuninyanyulia mkono, hakunilaza njaa, Mungu amlaze pema, ila alikuwa mtu wa kutunza vitu, kochi lilivaa nailoni toka siku lilipoingia nyumbani, jua likiwaka mapaja yananata, ukisimama unasikia ngozi inabanduka, vyombo vizuri vilikaa kabatini vikiwasubiri wageni ambao mama zao hawajawazaa, tulikunywa chai kwenye vikombe vilivyovunjika masikio, na lile gauni langu la maua mekundu, nililivaa mara moja tu, akasema likunje mke wangu, litaharibika, nikalikunja, na mimi nikajikunja humo humo, nikiitwa kuimba na wenzangu anasema utachoka, nikitaka kwenda kumwona dada yangu anasema njia ina vumbi, siku tulipofungua kabati baada ya kumzika gauni lilikuwa limeliwa na nondo, limebaki kola na vifungo, sikulia, wenzangu walidhani nalia lakini nilikuwa na mafua, ila nilisema moyoni, hakuna tena mtu wa kunifungia kabatini, na nimekaa hivyo hivyo, vizuri tu, asante...

Kijivu sasa, kidogo, kibane pembeni mwa bluu, hivyo, mashine inakwenda bila kelele, lazima niseme ukweli hata kama simtaki, mashine hii kaitengeneza yeye, cherehani yangu ya kukanyaga ilikufa kichwa, nikataka kuitupa, akaja na boksi lake la spana, siku zote ananuka mpira na solusheni ya kuzibia tairi, ndiyo maana pale kwenye kona anakotengeneza baiskeli wakamwita Pancha, akang'oa kile kichwa, akalaza kitovu cha gurudumu, juu yake akafunga ubao wa duara, akaunganisha mkanda, akaniambia, “Kanyaga, Bibi,” nikakanyaga, ubao ukazunguka kama mtoto aliyetoroka shule, akafurahi kuliko mimi, nikamwambia umekunywa nini, akasema, “Nimekunywa maji, Bibi, nimelewa kazi,” mwanamume wa maneno machache lakini hayo machache anayaokota wapi... na huko sebuleni, wamemfukuza nini, hapana, kijiko kinagonga kikombe, ndiye, anakoroga chai mpaka sukari inaomba msamaha, ndivyo afanyavyo akiwa na neno, haya liseme tulisikie, sema kwamba utanitunza, nikuchukie vizuri, “Binti yangu,” anasema, sauti yake inakwaruza, “mimi kumtunza... sitaweza,” eh, “nisikudanganye, yule mtu hatunziki,” na mkwe wangu, mpumbavu yule, kaangua kicheko, na binti yangu, “Sasa mzee, umekuja kuomba nini?” kwa ile sauti yake ya kikaoni, na mimi hapa mguu karibu usahau, kanyaga, kanyaga, rangi inaanza kuinama, haya imerudi, anajibu polepole kama anayetafuta tundu kwenye tairi, “Nimekuja kuomba nitembee naye,” basi, nitembee naye, kutembea wapi na goti hili... na mkwe anadakia, anataka kusaidia, akisaidia huwa anaharibu, “Unajua mke wangu, pale uwanjani sisi sote sahani za Mama tumezitundika ukutani, nani atarusha kitu kama kile, mwalimu kaweka yake juu ya televisheni, muuguzi kaifungia yake kwenye kabati la kioo, mzee huyu peke yake ndiye anayezirusha,” ndiyo, naijua hiyo, na nimemsema sana, kila baada ya muda kidogo analeta nyingine nyeupe, ile imechubuka, Bibi, ile imepasuka ukingo, Bibi, nikamwambia wewe mzee unarusha kama unamfukuza mbwa, hata heshima ya jasho langu huna, naye anatabasamu tu, na siku ile aliyokuja hapa mlangoni suruali imelowa mpaka kiunoni, nikamwambia mbele za watu, mtu mzima umejikojolea, watu wakacheka, akacheka nao, akaomba gundi ikauke vizuri safari hii... “Hata ile iliyotumbukia bwawani,” anasema mkwe, “tulimwambia mzee acha, maji machafu yale, akavua viatu akaingia,” “Ukaipata?” anauliza binti yangu, na mwenyewe anajibu, “Niliipata. Na mafua niliyapata,” wanacheka wote watatu, na mimi sicheki, kanyaga, mimi nimejua sasa suruali ile ilikuwa na nini, kumbe alikuwa anatoka kuokoa kazi yangu majini na mimi nikamvisha nepi mbele za watu, angenijibu basi, angenitukana hata kidogo, watu wa namna hii wanakera, unawapiga neno wanalipokea kama zawadi... “Kwa nini usiitundike kama wenzako, mzee, ikae salama?” anauliza binti yangu, mtoto wa baba yake yule, damu haipotei, na yeye anasema, “Imetengenezwa iruke, binti yangu, ukutani itafanya nini, itasubiri vumbi? Mama yako anazizungusha hapa siku nzima, anazitia rangi, zinatiwa mfukoni zinaondoka, hajaiona hata moja ikiruka. Hata moja. Mimi nataka Jumamosi nimchukue uwanjani azione,” hata moja, hebu ngoja, ni kweli, ni kweli kabisa, nimezitia rangi zote hizo na sijaiona hata moja hewani, ninazijua zikiwa zimelala hapa, zikiwa kwenye karai, zikiwa kwapani mwa mtu anayeshuka ngazi, nilidhani zikishatoka kwenye ubao huu zimemaliza kuzunguka, kumbe huko ndiko zinakoanzia, juu ya majani, juu ya miti, duara langu la bluu linapita kwenye mwanga, linazunguka hivi hivi ninavyoliona hapa na hakuna mguu unaolikanyagia, na pale chini yupo mzee mmoja wa mvi, mdomo wazi, analitazama mpaka litue, halafu analikimbilia, kwa viatu vyake vile, na likitumbukia anaingia kulifuata, hee, jamani, sasa mimi nafanya nini ndani siku zote, Jumamosi nina nini, sina kitu Jumamosi, goti litauma, na liume, linauma hata nikikaa, angalau liume na jambo... atanichubua huyu, atanipasua ukingo, nitarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, ewe mzee wewe, ungesema utanitunza ningekuwa nimeshakusahau... “Mama!” ni binti yangu, “Mama, kuna nini huko, mbona nyumba inatetemeka?” inatetemeka, ipi, aa, mama yangu, mashine, mashine inagonga sakafu nzima, mkanda unalia, vichupa vinatembea mezani, na ile sahani, bluu yangu iliyotulia iko wapi, imechomoka yote, imepasuka kutoka katikati mpaka ukingoni kwa miali myembamba kama jua lililoamka vibaya, kijivu hakionekani tena, kuna tone ukutani, kuna tone kwenye miwani yangu, nani aliyekanyaga hivi, si mimi, mimi nilikuwa nasikiliza tu, “Kuna kazi!” nawapigia kelele, “Kwani kuna nini?” “Njoo basi, Mama, mzee anasubiri neno lako,” asubiri, chai si anayo, hapa katikati pamebaki pakavu peupe, panataka kitu, manjano, lete manjano, bana, siyo tone, mimina, lo, tazama inavyokimbia, tazama, sahani ya hapana haina rangi kama hii, mtu yeyote mwenye macho atajua, na waniite mpaka sauti ziwakauke, sisimami, rangi bado haijashika, siwezi kuacha kukanyaga, na mguu wenyewe leo umekwisha kujibu kabla ya mdomo, unakwenda, unakwenda, wala siuombi upunguze...