Andika Walburga Atalala Wapi

Siku ya arobaini ya marehemu Calvin, ukoo wake ulikula ukashiba, ukanywa pombe ya komoni, kisha ukakaa kitako kumtoa mjane wake ndani ya nyumba. Hawakusema hivyo, bila shaka. Watu wa heshima hawasemi hivyo. Walisema wanafanya kikao cha ukoo, na wakafungua kwa sala.

Walburga aliketi mkekani karibu na mlango, mahali pa mjane, kitambaa cheusi kichwani. Mjane kwenye kikao kama kile huulizwa mambo mawili tu: kama amesikia, na kama amekubali. Yote mawili huyajibu kwa kuinamisha kichwa. Nyumba iliyokuwa ikijadiliwa ni hiyo hiyo waliyoikalia, pale Matogoro. Matofali yake aliyafyatua yeye na Calvin viangazi viwili, cha pili akiwa na mimba ya Pamela, mtoto wao wa kwanza. Hilo halikuwemo kwenye ajenda.

Aliyeongoza kikao ni Hironimus, kaka mkubwa wa marehemu. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana wana watatu waliokwishaota ndevu, na shamba dogo lisilogawanyika mara tatu. Kila alipoitazama nyumba ya mdogo wake aliona mahali ambapo mwanawe wa kwanza angeweka mke.

Osmund, mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wa binamu yao, ndiye aliyekuwa katibu. Alisoma muhtasari, ambao ulikuwa umeandikwa tangu asubuhi, kikao hakijaanza. Nyumba inarudi kwenye ukoo. Watoto ni wa ukoo. Mjane yuko huru kurudi kwao.

"Shemeji, umesikia?" aliuliza Hironimus.

"Nimesikia, shemeji."

"Umekubali?"

Wiki nne za kwanza baada ya mazishi Walburga alilia. Mbili za mwisho hakulia, alifikiri. Alikwenda mahakama ya mwanzo akamuuliza karani, akaambiwa muhtasari wa mirathi usio na saini ya mjane utarudishwa. Kwa hiyo walimhitaji. Alikwishaamua kwamba leo kichwa hakiinami, liwalo na liwe.

"Nitasaini," alisema. "Ila muhtasari una pengo. Mwalimu, umeandika nyumba inakwenda wapi na watoto wanakwenda wapi. Hujaandika mimi nitalala wapi. Andika hapo, nami nisaini."

"Si tumesema kwao?" alisema Hironimus. "Andika kwao, Madaba."

"Nyumba ya Madaba ina mwenyewe. Tumuulize."

Akatoa simu, akaweka spika, akampigia kaka yake, Athanasi. Walipomaliza kujuliana hali, alimwambia, "Kaka, ukoo wa mume wangu unataka kuandika kwamba kuanzia leo nalala kwako. Wote wanakusikia. Waandike?"

Kwenye simu jogoo akawika kule Madaba.

"Dada, unajua hali," alisema Athanasi. "Kile chumba nimempa mwanangu, ameoa mwezi wa sita. Na shamba la mzee tulishagawana sisi wanaume, limekwisha. Njoo utusalimie, ukae siku mbili tatu."

"Halafu?"

"Dada, wewe si uliolewa?"

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Kwa baba yake Walburga ni wa kuolewa, kwa mume wake ni wa kuja, na katikati hapana paa. Tukiwaona watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka kule stendi, tunasema ni pombe, ni uvivu. Wa pombe wapo. Lakini wapo pia waliofikishwa pale na kikao chenye sala ya kufungua na sala ya kufunga.

"Basi andika kwangu," alisema Hironimus, na wazee wakashusha pumzi.

Mkewe Oliva alikuwa uani akiosha vyombo, lakini hakuwa kiziwi. Akaja na mikono yenye povu. "Kwako chumba gani, baba Dominiki? Kitaje. Au unamrithi? Sisi tulifunga ndoa kanisani, mke mmoja."

Mzee mmoja alichekea ndani ya kikombe. Chumba hakikutajwa.

"Niandike wapi, jamani?" aliuliza Osmund.

"Andika atajitafutia," alisema yule mzee wa kikombe.

"Andika hivyo," alisema Walburga, bila kupaza sauti. "Andika kwamba ukoo umekubaliana mama wa watoto wake alale popote. Halafu kila mmoja asaini kwa jina lake kamili. Nakala moja mahakamani, nyingine kwa paroko."

Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Wazee walikuwepo saba, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kalamu.

Ndipo Theodosia, mama yao Hironimus na marehemu, alipokohoa pale pembeni.

"Mwalimu, andika atalala hapa. Humu ndani."

"Mama," alianza Hironimus.

"Sijamaliza. Baba yenu alipokufa, nami nilikaa mkekani. Mkaniuliza kama nimesikia, nikainama. Mkaniuliza kama nimekubali, nikainama. Nyumba mkauza. Mwaka wa kumi na moja huu nahama na mfuko wangu, miezi miwili kwako, miezi miwili kwa Calvin. Wajukuu wananiuliza, bibi, unaondoka lini?" Akamgeukia katibu. "Ukimaliza mstari wa Walburga, Osmund, weka mwingine. Andika Theodosia atalala wapi."

Osmund akamtazama Hironimus. Hironimus akatazama viganja vyake.

"Hapa," alisema Walburga. "Tuandike wote wawili hapa."

Osmund akaufuta mstari wa mjane kurudi kwao, akaandika kwamba wote wawili watalala hapa. Walburga akasaini jina lake lote, polepole, kisha akainuka mkekani, akamnyooshea shemeji yake kalamu, akasimama nayo mbele yake mpaka alipoipokea.