Mwenye Duka Yuko Ukutani

Uvumi ulimkuta Odessa Tolliver jikoni mwa kanisa, akiparua magamba ya samaki: kwamba kuna matajiri wanaozunguka mitaa ya magharibi ya Chicago wakitafuta watu waliowahi kufungwa kwa bangi.

"Wanawatafuta kama lulu, dada yangu," alisema Vernell, jirani yake. "Kile kifungo tulichokionea haya, leo ndicho cheti."

Odessa alicheka, lakini neno lile lilimganda. Cordell, mwanawe wa pekee, aliwahi kufungwa miaka minne kwa bangi ya kujaa kiganja. Sasa bangi ilikuwa halali, na serikali ilitangaza kwamba itawafuta machozi waliofungwa: leseni za maduka zianzie kwao. Machozi yalifutwa kwa mdomo. Mtaji hakuna aliyeutoa, na mtaa mzima ungeuza nyumba zake usingeupata.

Pale kanisani kuna Jumapili ya ushuhuda, watu husimama kusema Mungu amewatoa wapi. Odessa alimfinya mwanawe ubavuni. "Simama wewe, sema." Cordell akasimama, akataja gereza, akataja bangi. Kabla hajamaliza, amina ilitoka kiti cha nyuma, kwa mzungu mwenye raba nyeupe. Aliitwa Bryce Hallanan. Alikuwa akija Jumapili za ushuhuda tu.

Mwezi haukuisha, Cordell akawa mmiliki wa duka la bangi. Pesa za Bryce, ufunguo wa Bryce, maamuzi ya Bryce. Jina la Cordell.

"Wewe simama tu hapo, kaka," alisema Bryce, akimwonyesha ukuta mweupe. "Watu wakuone."

Akasimama. Jumatatu visigino vilizama ukutani. Jumatano yalizama mabega. Ijumaa alikuwa bapa kama picha, na fundi akaitwa amtie fremu na kioo ili wateja wasimshikeshike. Wakamtundika kando ya leseni. Mteja mmoja aliuliza kama ile kofia aliyovaa inauzwa.

Odessa alimpelekea samaki wa kukaanga na tambi. Samaki hakupita chini ya kioo. Tambi zilipita, mojamoja.

"Mama, hujatia pilipili," alisema Cordell.

"Kula, acha maneno. Nyumbani unarudi lini?"

"Muulize Bryce. Mimi ni bosi tu."

Bryce alikuwa akitafuna korosho. "Mama Tolliver, tukimshusha, leseni inakufa. Kweli unataka kumvunjia mwanao ndoto zake?" Watu wa namna yake ndivyo walivyo: anakuvua shati, halafu anasubiri umwambie asante.

Akaja mkaguzi wa leseni, mama mmoja mwenye haraka, akauliza mmiliki yuko wapi. Wakamwonyesha.

"Wewe ndiye mmiliki?"

"Ndiyo, bibi," alijibu Cordell, kwa ile sauti aliyofundishwa gerezani.

"Na maamuzi unashiriki?"

Bryce alikohoa. "Yupo hapa kila siku. Hajakosa hata moja."

Mkaguzi alifurahi sana. Alisema wamiliki wengi wa aina hii hawaonekani kabisa madukani mwao. Akainyoosha fremu kidogo, akaenda zake.

Hapo Odessa akaona basi. Alipanda kiti, akamtoa mwanawe kwenye msumari, akamtia kwapani. Alikuwa mwepesi kama sinia. Alipofika mlangoni king'ora kikalia, na mlinzi akamzuia kwa adabu.

"Samahani, mama. Mali ya duka haitoki bila risiti."

"Huyu ni mwanangu!"

"Naona mnafanana. Risiti unayo?"

Wakiwa wamesimama hivyo, nje kwenye lami polisi walikuwa wakimlaza kifudifudi Tavaris, mtoto wa Vernell. Alikuwa akiuza misokoto mbele ya duka, bangi ileile, ila bila leseni. Cordell alitazama yote kutoka kwapani mwa mama yake.

"Mama," alisema, "nigeuze nitazame upande mwingine."

Bryce alitoka kuangalia. Hakukasirika. Alimtazama Tavaris kama mtu anayekagua ndizi alizozifukia ziive. Kisha akarudi ndani, akamtwaa Cordell, akamkabidhi mlinzi.

"Mrudishe," alisema. "Ila msogeze kushoto. Tuache nafasi."

Siku hizi Odessa hupita kila Jumapili baada ya ibada, akafuta kioo kwa kitambaa chenye siki. Pilipili hasahau. Pembeni ya mwanawe kuna msumari mpya ambao bado haujatundikwa kitu, na Vernell akija naye huukwepa kwa macho.

Ya kuepuka, enyi mlio na wana:

Mgeni anayesema amina kabla hujamaliza kusimulia balaa lako.

Duka lililo lako na ufunguo si wako.

Kazi ya kusimama tu.

Anayekuita mwenye bahati kwa sababu ulifungwa.

Ukuta mweupe wenye nafasi.