Naitrojeni Nzito

Oliva alifika Mchombe na karatasi moja mkononi, akamkuta Yosefina uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Majibu yametoka?"

Yalikuwa yametoka. Oliva, mtafiti kutoka Ifakara, alikuwa akijaribu bakteria wa kunde, wale wanaojenga vinundu kwenye mizizi na kuupa mmea naitrojeni. Miaka miwili nyuma alimpa Sylvanus, mume wa Yosefina, mbegu zilizochanganywa na bakteria wa maabara azipande chini, kando ya mto. Shamba la karibu na nyumba lilipandwa mbegu za kawaida, kwa kulinganisha. Masika yakaja na mafuriko. Sylvanus alishuka kuokoa pampu yake, na hata mwili haukuonekana.

Msimu uliofuata Oliva alichuma vinundu shamba la nyumbani, mmea kwa mmea, akiandika kila mmoja uliposimama. Vinundu vya bakteria wa maabara hujulikana kwa kipimo: hubeba naitrojeni nzito, ile aina yenye uzito zaidi, kwa wingi kuliko vya bakteria wa kienyeji. Kati ya mimea mia nne, kumi na tisa tu ndiyo iliyokuwa na hiyo nzito.

"Maji yanaweza kuleta udongo," Oliva alisema. "Lakini maji hutapanya. Hii imekuja kwa mstari."

Yosefina aliweka ungo chini, akafuatisha kwa kidole nukta za ile mimea kumi na tisa kwenye karatasi, kutoka upande wa mto. Akarudia, safari hii polepole.

"Mbona nafasi zake hazilingani? Ndefu, fupi. Ndefu, fupi."

"Hata mimi nimeshangaa."

"Sylvanus alikuwa anachechemea."

Kuku aliparamia mchele, hakuna aliyemfukuza.

Nukta ya mwisho ilikuwa katikati ya shamba. Kunde za msimu huu zilikuwa bado zimesimama, basi wakachukua jembe waone kama mstari umeendelea. Mashine ya kupima haikuhitajika: vikiwa vibichi, vinundu vya kienyeji pale vilikuwa vyeupe ndani, vya maabara vyekundu. Oliva alianzia ile nukta kuelekea nyumbani, akipasua vinundu kwa kisu. Vyeupe. Vyeupe. Vyekundu. Hatua ndefu, vyekundu. Hatua fupi, vyekundu tena.

Waliishia ukutani, chini ya dirisha. Hapo mimea miwili iliyokaribiana, yote ilikuwa na vinundu vyekundu.

"Kitanda changu kipo nyuma ya ukuta huu," Yosefina alisema. "Tangu Pasaka naamka nasikia harufu ya tope."

Oliva alitaka kumwambia ahame, akaona haya.

"Mwakani nitapanda mpaka mlangoni," Yosefina aliendelea, akifukia mashimo kwa mguu. "Asizunguke nje."

Kwenye ripoti Oliva aliandika: mafuriko. Lakini siku ile, kabla ya kupanda bodaboda, alivua buti kisimani akakwangua soli kwa kijiti, mfereji kwa mfereji. Udongo uliisha. Dereva alipiga honi mara mbili, na yeye bado anaosha.