Shamba la Bwanausi Kwenye Mshtarii

Jumatatu ya pili ya mwezi wa pili, baada ya sala ya magharibi, Shufaa aliitoa darubini stoo, akaisimamisha uani kati ya kamba ya nguo na pipa la maji, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Bagamoyo. Darubini hiyo shule iliifuta kwenye orodha ya vifaa kwa kuwa ilikosa mguu mmoja, na mguu huo aliuchonga mwenyewe. Kila jioni isiyo na mawingu alichora Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, kisha akautuma mchoro kwa simu kwenye kikundi cha watu kumi na mmoja wenye mapenzi kama yake, ambao hakuwahi kuonana nao.

Kazi yenyewe haina subira. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa kumi, hivyo mchoraji ana kama dakika kumi tu kabla kila kitu hakijasogea. Shufaa alianza na mikanda miwili ya kahawia, akaja kwenye Doa Jekundu, ile dhoruba isiyotulia, kusini ikiwa juu ya karatasi kama wachoraji wa sayari walivyozoea tangu zamani. Chini kidogo ya Doa aliliona shamba la marehemu baba yake. Akalichora nalo, akaandika wakati, saa moja na dakika kumi na mbili, kisha akaingia ndani kumpa mama yake uji kabla haujapoa.

Shamba lilikuwa upande wa Miono. Miaka miwili nyuma ramani mpya ya eneo lile ilipigwa muhuri, na ndani yake shamba la baba yake, Bwanausi, halikuwamo. Ukitoka kwenye mihogo ya jirani yao Msabaha, ulikuwa unagota moja kwa moja kwenye uzio wa kampuni ya mananasi. Shufaa alikwenda kuangalia, akakuta ramani inasema kweli. Minazi kumi na saba haikuwapo, wala visiki vyake. Kisima hakikuwapo, wala makaburi manne. Ng'ambo ya uzio palikuwa na udongo mpya ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga. Sasa alijua shamba lilikohamia.

Mama yake, Bi Mwajabu, alikuwa amelala chumba cha mbele, miguu imevimba kwa maradhi ya figo. Hospitali walikwisha kumwambia Shufaa ampeleke tu nyumbani. Jambo alilolitaka mama huyu lilikuwa moja. Siku alipozikwa mumewe, alipima kwa mkono nafasi ya mtu mmoja ubavuni mwake, akapanda mshubiri ili asije akazikwa hapo mtu mwingine.

"Mama, nimeliona shamba," alisema Shufaa.

"Wapi?"

"Mshtarii."

Bi Mwajabu alimeza kwanza vijiko viwili. "Mbali huko. Na nafasi yangu?"

"Ipo. Mshubiri umestawi."

"Nani anapalilia?"

"Hakuna majani, mama. Huko ni mawingu matupu."

"Afadhali. Baba yako na jembe walikuwa hawasalimiani." Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Nenda kawaambie hao wa ofisini walirudishe. Fanya haraka, Shufaa. Mimi sina siku."

Kwenye ofisi ya ramani alipokewa na Bwana Alawi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliutazama mchoro, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mwenzake.

"Dada Sophia, hii si Mshtarii?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Sophia bila kuacha kugonga mihuri. "Kuna yule baba wa Saadani, lake lipo kwenye pete za Zohali."

Bwana Alawi alitoa fomu. Ilitaka mipaka ya pande nne, idadi ya miti ya kudumu, idadi ya makaburi, na saini ya shahidi anayelifahamu shamba, aliyeliona kwa macho yake huko liliko.

"Kusini unapakana na nani?"

"Na Doa Jekundu."

"Lina mwenyewe?"

"Halina."

"Andika pori. Kaskazini?"

"Kuna mkanda wa kahawia, unaizunguka sayari yote."

"Unapitika mwaka mzima?"

"Upo mwaka mzima."

"Basi hiyo njia. Mashariki na magharibi?"

"Mawingu, baba."

"Mabonde," alisema Bwana Alawi, akaandika mwenyewe ili kumsaidia. Mchoro akamrudishia ausainishe kwa shahidi.

Shahidi alikuwa Msabaha. Alikuja kutoka Miono kwa pikipiki na kuku wawili wa mgonjwa. Lakini shamba liliuelekea ua wa Shufaa saa ileile ya jioni kila baada ya siku tano, na masika yalikuwa yameanza. Siku ya tano kulikuwa na mvua. Siku ya kumi kulikuwa na wingu moja tu, nalo lilisimama mbele ya Mshtarii mpaka adhana ya isha. Msabaha alikwenda akarudi mara sita. Mara ya sita anga lilikuwa safi, akainamia kioo.

"Umeona, mzee wangu?"

"Nimeona. Jembe langu lile pale kisimani. Marehemu aliliazima kwangu kwa siku mbili." Alisogeza jicho. "Na huo mnazi uliolala ni wangu, niliupanda mimi. Hapo nakuachia shamba, mnazi sikuachii."

"Utaukweaje huko?"

"Hayo si yako. Mnazi ni wa aliyeupanda." Kisha akatia saini.

Shufaa alirudisha fomu na mchoro mwezi wa tano mwanzoni, akaambiwa atapigiwa. Alikaa majuma matatu simu ikiwa mkononi. Mama yake aliacha kula, akabaki na maji ya kijiko. Kila jioni Mshtarii ilizidi kushuka magharibi, ikilifuata jua. Shufaa alikuwa akijua hesabu yake: ifikapo mwezi wa saba ingeingia kwenye mwanga wa jua, na hakuna darubini ya shule wala ya mfalme ambayo ingeiona. Alikwenda ofisini bila kuitwa.

"Fomu ina kasoro," alisema Bwana Alawi kwa upole. "Umeandika pori liko kusini, lakini kwenye mchoro liko juu. Juu ni kaskazini."

Shufaa aliutazama mchoro wake kama mtu anayetazama mkono wake mwenyewe ukiwa umekatika. Katika miaka yote ya kuchora hakuwahi kuandika pande, kwa kuwa katika kikundi hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

"Sisi wachoraji wa sayari tunaweka kusini juu, baba. Geuza karatasi, itakaa sawa."

Bwana Alawi aliigeuza. "Imekaa sawa," alikubali. "Ila sasa saini ya shahidi imesimama kichwa chini. Fomu haiwezi kupokewa hivyo. Chora upya, asaini upya, na lazima aone upya, kwa sababu tarehe itakuwa nyingine."

"Mama yangu anakufa."

"Pole sana," alisema, na alikuwa anamaanisha. Akampa fomu mpya, akampa na kalamu moja kati ya zile tatu.

Mwezi wa sita Mshtarii ilionekana kwa muda mfupi tu juu ya mapaa ya magharibi, ikitetemeka kwenye joto la mabati. Shufaa aliwaomba jirani zake wakate makuti yaliyoziba, wakakata. Aliipandisha darubini juu ya meza, na meza juu ya kitanda. Msabaha, aliyekuwa na homa, alipandishwa kwa kubebwa. Wakati Shufaa akichora upya, kaskazini ikiwa juu, dirishani ilisikika sauti ya Bi Mwajabu.

"Shufaa! Bado ipo?"

"Ipo, mama!"

"Usiiachie!"

Fomu aliipeleka Jumatano. Bi Mwajabu alifariki Ijumaa alfajiri, akazikwa baada ya sala ya Ijumaa katika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Jioni ile Shufaa alitoka uani kwa mazoea. Magharibi palikuwa na wekundu tu.

Siku ya tatu alikwenda kuzuru kaburi. Alikuta ardhi tambarare, na mlinzi wa makaburi anapima nafasi ileile kwa kamba.

"Mama yako ameondoka jana," alisema mlinzi. "Tungekuarifu, lakini hatukuwa na namba yako. Hapa tumeshampa mtu mwingine."

Shufaa alimwachia namba yake, akarudi nyumbani.

Mwezi wa tisa Mshtarii ilitokea upande wa pili, mashariki, kabla ya jua kuchomoza. Shufaa aliielekezea darubini baada ya sala ya alfajiri. Shamba lilikuwapo, na mshubiri ulikuwa umesogezwa pembeni kwa adabu. Makaburi yalikuwa matano.

Juma hilohilo barua ya ofisi ilifika. Ilisema kwamba ofisi imejiridhisha kuwa shamba lipo na ni mali ya warithi wa Bwanausi. Hata hivyo, fomu inataja makaburi manne ilhali ukaguzi umekuta matano. Kwa hiyo ombi limekataliwa na mwombaji anashauriwa kuanza upya. Ng'ambo ya uzio upande wa Miono, mananasi ya kwanza yalikuwa yameshavunwa.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na moja na dakika arobaini, Shufaa aliinamia kioo, akasema, "Shikamoo, mama." Alijua kwamba mwanga huchukua dakika hamsini kutoka huko hadi duniani, na dakika hamsini kurudi, na hakuwa na nafasi ya kungoja jibu. Alikunja darubini, akavaa baibui, akatia mchoro kwenye bahasha.

Saa moja na dakika ishirini alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya ramani, wa nne kutoka mlangoni, kando ya yule baba wa Saadani.

"Marahaba, mwanangu," ilisikika sauti ya Bi Mwajabu. "Umekunywa chai?"

Watu wote wa benchi waliisikia. Baba wa Saadani alisogea kidogo kumpa Shufaa nafasi ya kujibu. Wakati huo mlango ulifunguliwa nusu, Sophia akatoa kichwa, akawaambia kwamba anayetoa fomu leo hayupo.