Nani Mwingine Ameushika Ukurasa?

Alhamisi ile nilimfokea Chapuchapu mpaka mhasibu wa ghorofa ya chini akapanda ngazi kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna uzembe tu, arudi kwenye kazi zake.

Chapuchapu ni jina tulilompa hapa kazini kwa sababu hajawahi kufanya jambo polepole tangu tumjue. Mimi wananiita Pilipili. Wanadhani sijui.

Kazi yetu ni kuandika kiini cha kompyuta, ile programu ya ndani kabisa ambayo mteja haioni, inayozigawia programu nyingine memori. Memori yenyewe imekatwa kurasa kurasa. Programu mbili zikitaka kusoma kitu kilekile, kiini hakizipi kurasa mbili. Huo ni ufujaji. Kinazipa ukurasa mmoja zisome pamoja, na kila moja inajiona iko peke yake. Balaa linaanza pale moja inapotaka kuandika. Hapo kiini lazima kiulize: ukurasa huu una mwenyewe mmoja, au kuna mwingine ameushika? Kama mwenyewe ni mmoja, basi aandike palepale, afute, akwaruze apendavyo. Kama kuna mwingine, itolewe nakala kwanza, abadilishe ya kwake, na ya mwenzake ibaki ilivyokuwa. Ni hilo tu. Miaka kumi na tisa nimeishi na swali hilo moja.

Kila ukurasa una namba inayohesabu walioushika. Chapuchapu aliiona namba inasema moja, akaruhusu kuandika palepale, bila nakala. Kwenye majaribio data zikaanza kuharibika ovyo ovyo.

"Dada, namba inasema moja," alijitetea. "Moja si moja?"

"Namba inahesabu walioingia mlangoni wakaandikishwa! Kadi ya mtandao je, ile inayotuma data nje? Ilipewa anwani ya ukurasa tangu mapema, ikawa inausoma kimyakimya, haipiti mlangoni kwako. Umemwandikia mwenzako juu ya kitu anachosoma!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ala! Hukujua. Na usipojua unafanyaje?"

Akatazama ukutani juu ya meza yake, kwenye karatasi niliyombandikia mwenyewe kwa kalamu nene: UKIKOSA UHAKIKA, SEMA KUNA MWINGINE. Akaisoma kwa sauti ya chini, masikio yamemwiva.

"Ukisema kuna mwingine na kumbe hayupo," nikamwambia, "umepoteza nini? Nakala moja ya bure. Lakini ukisema hayupo na kumbe yupo, umemharibia mtu kitu chake, na hakirudi. Hivi wewe hilo halikuingii akilini?"

Nikamrudishia kazi yake aianze upya. Nilitoka ofisini siku hiyo nimejaa sifa zangu, najiona mimi ndiye mimi.

Sasa nije kwenye la nyumbani.

Naishi na baba, wawili tu. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Baba alikuwa fundi redio, mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yetu mpaka leo ni nusu kwa nusu: upande huu bisibisi na spika zilizofumuliwa, upande ule cherehani ya mama ya kukanyaga kwa miguu, imefunikwa shuka. Pembeni ya cherehani kuna meza yenye kompyuta kuukuu niliyowaachia nilipoondoka kwenda kusoma mbali. Mama hakupenda kuchapa. Alisema vidole vyake vina kazi nyingine. Basi nikamfundisha kubonyeza kitufe kimoja tu, kinachorekodi sauti na kunitumia, na kila Jumapili alikaa kwenye cherehani yake, akabonyeza, akaongea na mimi huku anashona. Anasema kidogo, anashona, anaimbaimba puani, anakata uzi kwa meno, anamgombeza baba afunge mlango, halafu ndiyo ananikumbuka tena. Zilikuwa barua za sauti sitini na moja.

Alipofariki nilijaribu kuzisikiliza mara mbili. Mara zote nilifika ya tatu, nikashindwa. Nikafunga kompyuta na kwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Zikabaki humo.

Mwezi uliopita niliona masikio ya baba yameanza kuchoka. Ananiambia "nini?" mara tatu tatu. Nikawaza, kabla hayajaisha kabisa, kwa nini nisimpe sauti ya mama? Zilikuwa barua zangu mimi, na yeye hakuwahi kuziuliza hata siku moja. Ila zilikuwa na kelele nyingi mno: cherehani, vyombo, mlango, feni. Mzee atasikia nini hapo? Ipo programu inayochuja kelele, inabakiza maneno, na vile vimya virefu katikati inavikata. Nikasema nitamsafishia zote, iwe zawadi.

Na msidhani nilikurupuka. Mimi ni mimi! Alhamisi hiyohiyo jioni, kabla ya kugusa kitu, nilifungua daftari la kompyuta ile, linaloandika ni nani amefungua faili gani na saa ngapi. Jina lilikuwa moja tu, langu. Kila siku, saa nne asubuhi na dakika kadhaa, mimi. Nikakumbuka kwamba zamani niliweka kiprogramu changu kinachozipitia faili zote na kutoa nakala ya akiba kwenye diski ya pili. Nikajua ni hicho. Sikuangalia nilikipangia saa ngapi. Jina moja, mwenyewe mmoja. Diski ilikuwa imejaa pomoni, haina nafasi ya kuweka mpya na za zamani pamoja, basi nikaiambia programu iandike palepale. Ilimaliza zote sitini na moja hata chai yangu haijapoa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Saa tatu na nusu asubuhi nikamwita baba.

"Baba, njoo ukae hapa. Nina kitu chako."

Alipoona kompyuta inawaka alishtuka kidogo, kama mtu aliyefumaniwa. Nikadhani ni haya zake tu. Akakaa, nikabonyeza.

Sauti ya mama ikatoka safi kabisa, kila neno limesimama peke yake. "We mwanangu, unakula? Usiniambie unakula, najua huli. Usisahau koti, huko ni baridi. Baba yako anakusalimu, ila anajifanya ana kazi."

Nilisubiri baba atabasamu. Aliinama, akatega sikio lake zima kwenye spika. Akakaa hivyo mpaka mama akamaliza.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Mama yako."

Nikacheka kidogo. "Si ndiye huyo anaongea!"

"Maneno yake nayasikia. Yeye mwenyewe yuko wapi?" Akaweka kidole juu ya meza, akawa anagonga polepole. "Akishasema koti, anakata uzi. Kwa meno. Halafu anakanyaga, mshono mrefu, lilikuwa pazia lile. Halafu anaimba ule wimbo wake usio na maneno. Halafu anavuta pumzi. Hapo ndipo anaposema baba yako anakusalimu." Akanitazama. "Mbona salamu imekuja hapohapo?"

"Baba, wewe umeyajuaje hayo?"

Akatazama ndala zake.

"Ukishaenda kazini," alisema, "nakunywa chai, halafu namfungulia. Moja kwa siku. Zikiisha naanza upya. Ni barua zako, najua. Si vizuri mtu kufungua barua za mwenziwe, hata kama ni mtoto wake. Ndiyo maana sikukuambia."

Kompyuta ile niliiweka mimi mwenyewe ijifungue kwa jina langu, bila kuuliza neno la siri, ili mama asihangaike. Kila baba alipokaa pale, daftari liliandika ni mimi. Miaka miwili tulikuwa wawili, na namba inasema moja.

"Subiri, baba. Subiri. Nakala ipo."

Niliifungua diski ya pili. Kiprogramu changu kilikuwa kimefanya kazi usiku, saa nane kamili kama nilivyokipangia, na kwa utiifu niliokifundisha: kilichobadilika huku, kibadilishe na kule. Zote sitini na moja. Nikatafuta barua pepe ya chuo, zilikokuwa zikifikia, ilishafungwa siku nyingi. Simu nilizozipokelea sauti zile zilishakufa zote. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, anatazama kioo asichokielewa. Mtu mwingine angekuwa na matumaini, angempelekea fundi mmoja, halafu mwingine. Mimi ndiye fundi. Najua kuandika palepale maana yake nini.

Nikaangua kilio, jamani. Mtu mzima na mvi zangu, nililia kichwa kiko juu ya meza.

"Nimekuharibia, baba. Nimekuharibia."

"Nyamaza, mwanangu. Hukujua."

Neno lilelile nililomwambia Chapuchapu. Na mimi nilimfokea mpaka mhasibu akapanda ngazi.

Ningefurahi kama baba angenifokea. Angevunja hata kikombe. Badala yake alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akanifuta uso kwa kiganja chake kigumu kama nilipokuwa mdogo.

"Miaka arobaini watu wananiletea redio niwaondolee mikwaruzo," alisema. "Na nilikuwa hodari, waulize. Lakini hii, kama ungeniuliza, ningekuambia uiache hivyohivyo."

Kama ningemuuliza. Swali lenyewe lilikuwa la maneno machache, na mtu wa kumuuliza alikuwa chumba cha pili, anakaza skrubu.

Jumatatu Chapuchapu alileta kazi yake upya. Safari hii kila palipokuwa na shaka alitoa nakala. Hata palipokuwa hapana shaka alitoa nakala, maskini, kwa kuniogopa. Alisimama pembeni ya kiti changu amejikunyata anasubiri nimpashe. Nikamwambia ni nzuri, aende nayo.

"Nzuri kweli, dada?"

"Nimesema nzuri."

Nilipanda kwenye kiti, nikabandua ile karatasi juu ya meza yake, nikaibandika juu ya yangu. Aliniuliza kuna nini. Nilimwambia hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka wala kuniita Pilipili nikiwa nimegeuka.

Wiki moja ikapita. Tunaulizana chumvi, tunaulizana kama mlango umefungwa, basi. Jumanne nikiwa njiani kwenda kazini nilikumbuka nimesahau miwani. Nikarudi. Nilipofika mlangoni, ilikuwa imepita saa nne kidogo, nikasikia cherehani.

Nikausukuma mlango taratibu. Kwa nukta moja, sitadanganya, nilidhani ni mama.

Alikuwa baba. Ameondoa shuka, amekaa kwenye kigoda cha mama, miguu juu ya kanyagio. Hakuna uzi, hakuna kitambaa, sindano inapanda na kushuka bure. Kompyuta pembeni yake inawaka, na mama anasema, usisahau koti, huko ni baridi. Baba akainama haraka, akafunga meno kwenye uzi ambao haukuwepo, akainuka, akaanza kukanyaga. Alikuwa anamrudishia mama sauti zake, moja moja, mahali pake. Lakini vile vimya nilivikata. Gurudumu lilikuwa halijazunguka hata mara mbili, mama akawa ameshasema baba yako anakusalimu, ameshamaliza, ameshaaga. Baba akasimamisha miguu, akarudisha nyuma, akaanza tena, sasa kwa kasi zaidi. Akachelewa tena.

Sakafu ikalia chini ya mguu wangu, akageuka akaniona. Safari hii hakushtuka wala hakuona haya.

"Hebu nisaidie," alisema. "Hapa kabla ya salamu, ule wimbo wake, alikuwa anauzungusha mara mbili au mara tatu? Juzi nilikuwa najua. Leo naona kama inanitoka."

Zilikuwa barua zangu, zote ziliandikiwa mimi, na tangu afariki sikuwahi kuvuka ya tatu.

"Sijui, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudisha miguu juu ya kanyagio.

"Zamani alikuwa ananisubiri," alisema. "Siku hizi mama yako ana haraka sana." Akabonyeza tena tangu mwanzo.